Jinsi Muziki Ulivyoingia Chumbani Ilemela

Kwa dahari nyingi muziki wa Usukuma haukuwa na chumba. Ngoma ilichezwa uwanjani, na uwanja wenyewe ulikuwa ardhi iliyokanyagwa hata ikawa ngumu, isiyo na kuta wala dari, ambapo sauti iliyotoka kinywani mwa manju au juu ya ngozi ya ngoma ilikwenda zake pande zote, ikapungua kadiri ilivyokwenda, isirudi tena kumsumbua aliyeitoa. Katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno, jamii mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake hunasibishwa na waganga wawili mashuhuri wa zamani, Ngika na Gumha, zilikutana zikashindana katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake, wala hapakuwa na kadhi wa kuamua isipokuwa umati, ambao uliondoka upande uliopoa ukahamia upande uliochangamka. Mashindano ya namna hiyo ni muhali ndani ya jumba. Makundi hayo mawili yangefungiwa katika ukumbi wa saruji, kabla ya wimbo wa kwanza kufika kiitikio sauti zote zingekuwa zimevurugana, na masikio ya watu yasingeweza kumtambua manju huyu na yule.

Desturi hiyo imehifadhiwa hata leo katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mahali yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, na nimeanza nayo kwa makusudi. Anayetaka kufahamu taabu ya kijana wa leo anayerekodi nyimbo zake katika chumba cha kupanga huko Kirumba, Pasiansi au Nyakato, sehemu za Ilemela jijini Mwanza, hana budi kujua kwanza kwamba naghama alizorithi, na hata namna ya kuupaza wimbo, zilitungwa kwa ajili ya mahali pasipo na kuta. Katika uwanja ulio wazi, umbali ukizidi maradufu nguvu ya sauti hubaki robo. Ndiyo maana ngoma za Wasukuma ni kubwa, na ndiyo maana manju wao alilelewa kuimba kwa kifua kizima. Mtu aliyefundwa hivyo, akiingizwa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, huwa ni mto wa masika uliogeuziwa njia ukapitishwa ndani ya mfereji wa bustani.

Si kwamba nchi hii haikujua sauti inayorudi. Ilemela ni nchi ya mawe. Kutoka Kirumba na Bwiru hata Igombe, Sangabuye na Kayenze, pwani ya Ziwa Victoria imetandazwa majabali ya matale yaliyobebana moja juu ya moja, na mvuvi anayepiga kelele asubuhi akiwa majini hujibiwa na mwamba. Mashariki kidogo, katika vilima vya Moru ndani ya Serengeti, liko jiwe ambalo watu wa zamani walilipiga kwa mawe madogo hata likatobokatoboka, nalo likigongwa hulia kama chuma. Watu wa kanda hii, basi, walijua kwamba jabali lina sauti yake. Lakini walipojenga makazi hawakuyajenga kwa jabali. Nyumba ya msonge ilikuwa ya miti na udongo, duara, na paa lake lilikuwa la nyasi nene zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Na nyasi ni kitu laini chenye nafasi nyingi ndani yake, ambamo sauti huingia ikapotelea. Mzee aliyepiga zeze jioni ndani ya msonge alisikika wazi, maneno yake hayakugongana, na ingawa hakuna aliyeipanga nyumba ile kwa ajili ya muziki, ilikuwa na utulivu wa sauti ambao warithi wake wangeutafuta kwa fedha nyingi.

Nyumba ya mabati na saruji ilileta faida zisizo na ubishi, kwa afya na kwa usalama, nami sitamani watu warudi kulala chini ya nyasi zenye wadudu na hatari ya moto. Athari yake kwa sauti, hata hivyo, haikutambuliwa kwa muda mrefu, kwa sababu muziki ulikuwa bado unaishi nje, na chumba kilikuwa cha kulala, kula na kuhifadhi mali. Ubaya wa chumba haujulikani mpaka mtu aweke kipaza sauti ndani yake.

Maarifa ya jambo hili yalipatikana mbali. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambamo mwalimu hakuweza kufahamika, kwa kuwa neno moja likitamkwa lilidumu hewani kwa sekunde 5 na nusu, na katika muda huo mwalimu alikuwa amekwisha kutamka maneno mengine mengi. Kazi ya kuuponya ukumbi huo alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaitandika humo michache kwanza, kisha mingi, huku akipuliza filimbi ya kinanda na kuhesabu kwa saa muda wa sauti kufifia. Baada ya kurudia kazi hiyo kwa miaka kadhaa aliona kanuni iliyokuwa imejificha: muda wa sauti kubaki chumbani huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa chumba, na hupungua kwa kadiri ya eneo la vitu laini vilivyomo. Kwa vipimo vya mita, chukua ujazo wa chumba, uzidishe kwa 0.161, ugawe kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti, utapata sekunde. Kwa hesabu hiyo ulijengwa ukumbi mkubwa wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ambao mpaka sasa huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani. Naustaajabia ugunduzi huu kwa sababu vyombo vyake vilikuwa vyepesi mno: mito, filimbi, saa na subira.

Wa kwanza katika watu wetu kukutana na chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya sauti walikuwa watu wa pwani. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri pamoja na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri, na mwaka huo huo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Mambo mawili hayo hayakuhusiana wakati ule. Lakini reli ndiyo iliyokuja kuwa njia ya wanamuziki wa Ziwa kwenda kutafuta chumba, kwa kuwa chumba hakikuja kwao. Zama hizo vyumba vya kurekodia na kutangazia vilizungushiwa vitambaa vizito kwa unene wa kutisha. Huko London, studio za redio zilizofunguliwa Savoy Hill mwaka 1923 zilitundikwa mapazia kila upande hata wapigaji ala wakalalamika kwamba hawasikii wanachokipiga, na mafundi wakalazimika kupunguza vitambaa kidogo kidogo. Kosa la kuua sauti kabisa, kwa hiyo, lina umri mkubwa, na anayelitenda leo Nyamanoro hana sababu ya kujilaumu kupita kiasi.

Usukuma wenyewe ulipata bahati nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alizunguka Tanganyika akikusanya muziki wa makabila, na Wasukuma walikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Hakuwapeleka chumbani. Aliwafuata walipokuwa, akasimama karibu na mpigaji, kipaza sauti mkononi, akakisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa ala. Kanda zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoiasisi mwaka 1954, na mtu azisikilizapo leo husikia ngoma ikiwa kavu, karibu, kila pigo limesimama peke yake. Mimi nasema kwamba siri kubwa ya uzuri wa kanda hizo ni kukosekana kwa chumba. Aliirekodi sanaa ya uwanjani katika uwanja.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 likageuzwa kuwa idara ya serikali, Redio Tanzania Dar es Salaam, yenye studio zake katika Barabara ya Pugu. Kwa kizazi kizima, studio hizo ndizo zilizokuwa tegemeo la bendi, vikundi vya taarabu na kwaya za nchi nzima. Bendi ya Mwanza iliyotaka wimbo wake usikike redioni ilipakia magitaa na matarumbeta katika gari la moshi, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200, na ilipofika ilipiga wimbo wote kwa pumzi moja, kwa sababu hapakuwa na desturi ya kurekodi kila ala peke yake. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Hapo ndipo chumba kilipofanya kazi ya ustadi. Mafundi mitambo waliwapanga watu kwa masafa, mwimbaji mbele, matarumbeta nyuma, ngoma mahali ambapo hazitammeza mpiga besi, na mizani yote ya wimbo ikapatikana hewani kabla ya kufika katika utepe. Vijana wanaostaajabia utamu wa nyimbo zile wasiusifu utepe peke yake. Wausifu pia ukubwa wa chumba, na nidhamu ya watu waliosimama ndani yake.

Ilikuwapo pia njia ya pili, ya kuvuka ziwa kwa meli hadi Kisumu na kushika reli ya Nairobi, ambako kampuni za santuri zilikuwa na studio na mitambo ya kuchapia sahani. Njia hiyo iliharibika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena mpaka 1983. Miaka hiyo sita iliwaacha wanamuziki wa Ziwa na mlango mmoja, nao uko upande wa pili wa nchi.

Mwanza ilipata chumba chake sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowaruhusu watu binafsi kuanzisha redio. Katikati ya miaka ya tisini Redio Free Africa ilianza kusikika kutoka Mwanza, na baadaye Star TV, zote za kampuni ya Sahara yenye makao yake Ilemela. Na kwa mara ya kwanza kijana wa Kitangiri aliweza kwenda kwa miguu mpaka penye studio, akasimama nje ya kioo akaona jinsi ukuta unavyoweza kuvikwa nguo. Kwaya za makanisa, ambazo katika mji huu zina nguvu isiyo na kifani, na Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro ikiwa mfano unaojulikana nchi nzima, zilikuwa zimekwisha kuzoea kurekodi. Kisha ikaja kompyuta ndogo, na pamoja nayo programu za kutengenezea muziki, na mtindo wa Bongo Fleva ambao Mwanza iliuchangia watu wa sifa kama Fid Q. Kompyuta ikaondoa hitaji la bendi nzima kukutana. Ala zikatengenezwa ndani ya mashine, ikabaki sauti ya binadamu peke yake kuhitaji hewa ya chumba. Hapo prodyuza akaona kwamba chumba chochote kitamfaa, akapanga kimoja, akafunga mlango.

Ni vema tukiangalie chumba hicho kwa karibu, maana ndicho kinachojirudia kutoka Buzuruga hadi Buswelu. Kina mita 3 kwa mita 3, na kimo cha mita 2 na robo tatu. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu zikapakwa rangi ya mafuta, sakafu imewekwa vigae, dirisha ni la kioo na fremu ya alumini. Ujazo wake haufiki mita 25 za ujazo, na kila uso wake ni mgumu hata hauli asilimia 3 ya sauti inayougonga. Ukiipiga hesabu ya Sabine kwa chumba hiki kikiwa kitupu, unapata karibu sekunde 3, ambazo ni nyingi hata kwa kanisa dogo. Piga kofi moja katikati yake utasikia mlio wa haraka haraka wa kutetemeka, kama waya uliovutwa, ambao ni kofi lako lilelile likirudi kutoka ukuta huu hadi ule.

Ubaya wa pili umejificha zaidi, na wengi hawaujui mpaka wimbo upigwe katika spika za gari. Kila umbali baina ya kuta mbili zinazotazamana una noti yake, ambayo wimbi lake hutosha pale barabara, likasimama lisitoke. Katika joto la Mwanza sauti hukimbia karibu mita 346 kwa sekunde. Katika chumba cha futi kumi noti hiyo ni ya mitetemo 57 kwa sekunde, na nyingine zake ni 114 na 170. Tazama basi zilipoangukia: ya kwanza ni mahali pa besi, na mbili zinazofuata zimo ndani ya sauti ya kawaida ya mwanamume. Mwimbaji apandapo na kushuka katika lahani yake, noti moja huvimba ghafla, ya jirani yake hunywea, naye huambiwa kwamba hana pumzi sawa, kumbe chumba ndicho kinachomchagulia. Na kwa kuwa chumba ni cha mraba, urefu sawa na upana, kasoro ya upande mmoja huongezwa juu ya kasoro ya upande wa pili. Anayetafuta chumba cha kupanga na akatafute chenye pande zisizolingana; hiyo ni tiba isiyo na gharama.

Dawa iliyoenea ni trei za mayai. Zimebandikwa katika vyumba vingi mno, zikapakwa rangi nyeusi au nyekundu, na sura yake ya vilima na mabonde huwafanya watu waamini kwamba zimepasua sauti. Kwa kweli kila trei ni karatasi nyembamba. Hupunguza kidogo ukali wa sauti nyembamba za juu, zile za herufi s na za matoazi, na chini ya hapo hazina kazi. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3 na nusu. Halina habari na kitu chenye kina cha sentimita 5. Matokeo ni chumba kilichonyang'anywa mwanga wa juu huku mvumo wa chini ukibaki na enzi yake, nacho hutoa sauti nzito, ya kuziba, ambayo mwenye kuirekodi huikisia kuwa ni ubovu wa maikrofoni, akakopa kununua nyingine. Nasikitikia fedha hizo. Zingeletea chumba kitu kinachostahili.

Na kitu kinachostahili kimelimwa katika nchi hii kwa zaidi ya karne moja. Pamba ndiyo iliyoufanya Usukuma uwe tajiri. Kwa pamba wakulima waliunda Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, na kwa pamba kikajengwa kiwanda cha nguo cha Mwatex. Na pamba, kwa tabia yake, ni adui mpole wa mwangwi. Nyuzi zake zimesokotana zikaacha hewa katikati. Wimbi la sauti liingiapo, hewa hiyo husukumwa huku na huku, ikisuguana na nyuzi, na nguvu ya wimbi hugeuka joto kidogo sana lisilohisika. Kazi hiyo haifanyiki palipo na ukuta wenyewe, kwa maana hewa iliyogusana na ukuta haina pa kwenda. Hufanyika mbali kidogo, mahali ambapo hewa ina nafasi ya kucheza. Kwa hiyo unene ni jambo kubwa, na pengo nyuma yake ni jambo kubwa vilevile, nalo ni la bure.

Fundi seremala hutengeneza fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, hujazwa pamba iliyochambuliwa vizuri, isiyoshindiliwa wala kuachwa ikaporomoka chini, hushonewa kitambaa kinachopitisha pumzi, na kanga kuukuu hufaa sana. Jaribu kupuliza kwa mdomo, hewa ikipita na sauti itapita. Fremu hutundikwa sentimita 10 mbali na ukuta. Fremu kumi za namna hiyo, zenye jumla ya mita 10 za mraba, zikigawanywa ukutani na nyingine kuning'inizwa juu ya kichwa cha mwimbaji, hushusha zile sekunde 3 hadi karibu nne ya kumi ya sekunde, na hicho ni kipimo cha heshima kwa chumba cha kuimbia. Pembe za chumba zistahiwe kwanza, kwa sababu kila noti inayosimama chumbani hujikusanya pembeni. Magodoro mawili manene ya sponji yaliyosimamishwa kwenye pembe yana manufaa kuliko trei mia za mayai. Lakini pamba kavu na sponji vyote hushika moto upesi, na moshi wa sponji ni sumu. Nyaya za umeme zisipite nyuma yake, swichi zisifunikwe, na mlango usifungwe kwa namna ambayo mtu wa ndani hawezi kuufungua. Panya nao hupenda pamba, na unyevu wa ziwa huiporomosha chini katika masika, hivyo fremu ifunguliwe kila mwaka ikaanikwe juani.

Kutuliza sauti ndani ni jambo moja, na kuizuia isiingie wala kutoka ni jambo la pili, nayo mara kwa mara huchanganywa. Pamba haizuii kelele za nje. Kinachozuia ni uzito na kuziba: tofali zilizojazwa mchanga, mlango wa mbao nzito, mpira kuzunguka fremu yake, na tundu la ufunguo kutosahauliwa. Ilemela ina uwanja wa ndege, ina mwalo wa Kirumba wenye mashine za boti tangu alfajiri, ina bodaboda na spika za matangazo. Basi wengi hurekodi usiku wa manane, kama Sabine. Lakini kila ufa uliozibwa ili kuzuia kelele huzuia hewa pia. Feni ina mlio, huzimwa; mwimbaji hubaki katika joto, jasho likimtiririka, akikimbizana na ubeti wa mwisho kabla pumzi haijamwishia. Wanaotengeneza mfereji wa hewa uliopindapinda, uliovikwa pamba kwa ndani, hewa ikapita na kelele ikachoka njiani, wamefanya kazi ya hikima, na ningependa kuona ufundi huo ukifundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi pamoja na useremala.

Wapo waliozidisha pamba. Wamefunika kila shubiri, wakapata kile kilichowasumbua watu wa Savoy Hill: chumba kisicho na uhai, ambamo mwimbaji hujisikia kana kwamba sauti yake imefia shingoni, akalazimisha koo. Sehemu ya ukuta iachwe ngumu, ila isiwe bapa. Majumba ya kale ya Lamu yalikuwa na zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kaure. Waliozijenga walikusudia pambo na heshima, lakini uso kama huo, wenye kina tofauti tofauti, huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mkupuo. Mwaka 1975 mwanafizikia Manfred Schroeder alionyesha kwa hesabu jinsi vina vya namna hiyo vinavyoweza kupangwa ili sauti itawanyike sawasawa. Kwa asiye na hesabu hizo, rafu iliyojaa vitabu vya ukubwa mbalimbali, nyuma ya anayesikiliza, itafanya sehemu nzuri ya kazi hiyo.

Limebaki paa. Chumba kikiisha kutulizwa, pembe zikavikwa, mlango ukazibwa, mvua ya ziwa huja katika Novemba na tena katika Machi, ikapiga mabati kwa kishindo ambacho hakuna fremu ya pamba iwezayo kukipunguza, kwa sababu bati lenyewe limekuwa ngoma. Dari nyepesi ya jipsamu hupitisha karibu yote. Tabaka mbili za mbao za dari zenye pamba katikati, zilizoshikizwa katika boriti zake peke yake bila kugusa kenchi za paa, husaidia kwa kiasi cha kuweza kuendelea na kazi mvua ikiwa ya wastani. Katika nyumba za ghorofa zinazoendelea kujengwa Buswelu na Nyamhongolo, chumba cha chini chenye zege juu yake hakina taabu hiyo hata kidogo, na maprodyuza wenye uwezo wameanza kukitafuta, ingawa kodi yake ni ya juu. Wengine wote hupanga kazi kwa misimu: sauti hurekodiwa Juni hata Septemba, miezi ile ile ya kiangazi ambayo Bagika na Bagalu hushindana, na masika huachiwa kazi ya kupanga ala ndani ya kompyuta.